Nilikaza pa kulegeza, nikalegeza pa kukaza: vita yangu na ganzi ya miguu kwenye darasa la spini

Ganzi yangu ilikuwa na miadi: dakika ya 22 ya darasa la spini, lile la kukanyaga baiskeli isiyosogea ndani ya jimu. Haikuja ya 20 wala haikuchelewa mpaka ya 25. Kocha anaweka ule wimbo wake wa kupanda mlima, anatuamuru tuongeze uzito, na mimi nikizungusha tu kile kitufe chekundu, kidole cha tatu cha mguu wa kulia kinaniaga. Kinafuata cha nne. Halafu cha pili. Ikifika dakika ya 30, kuanzia katikati ya unyayo kwenda mbele sina mguu tena, nina kipande cha gogo kilichovishwa raba. Mguu wa kushoto nao unafuata nyuma kama mdogo mtu asiyetaka kuachwa nyumbani.

Ganzi yenyewe haiumi. Kinachouma ni mguu unaporudi. Darasa likiisha unashuka, unakanyaga chini, na sakafu imegeuka sindano tupu. Nilizoea kusimama pale nikijifanya nafuta jasho kwenye usukani, dakika tatu nzima nafuta usukani mkavu, kumbe nasubiri vidole. Siku moja sikusubiri. Nikavua raba, nikaenda bafuni na soksi, njiani nasikia ko, ko, ko kwenye vigae. Nikageuka kumtafuta anayetembea na viatu vya kisigino. Ni mimi. Nilikuwa nimekanyaga kifuniko cha chupa, kimenasa kwenye soksi, na sikuwa na habari.

Kilichonichanganya ni kwamba baiskeli ya barabarani ninayo, naiendesha masaa mawili bila kuhisi lolote. Iweje dakika 45 za kukanyaga baiskeli isiyokwenda popote zinishinde?

Nikaanza kuuliza watu. Hapo ndipo matatizo yangu hasa yalipoanza, maana ukiuliza juu ya ganzi, kila mtu ni daktari. Dada mmoja wa baiskeli ya jirani aliniambia ni upungufu wa maji. Nikanywa maji mpaka nikawa natoka darasani mara mbili kwenda chooni, na ganzi ikawa inanisubiri palepale kwenye siti. Mwingine akasema ni damu nzito. Mwingine, umri, na yeye mwenyewe ananizidi miaka kumi. Kocha, kijana mzuri na mwenye moyo, ambaye huniita mzee ingawa nina miaka 47 tu, alikuwa na jibu moja kwa kila kitu: "Kaza, mzee! Mguu unacheza ndani ya kiatu. Kaza ule mkanda!"

Nikakaza.

Baiskeli nyingi za madarasa haya zina pedali za sura mbili. Upande mmoja una kikapu chenye mkanda, unaingiza raba yako ya kawaida na kuvuta mkanda mpaka ushike. Upande wa pili una kufuli dogo la chuma la kushika kiatu maalumu cha baiskeli. Mimi nilikuwa mtu wa kikapu. Nilivuta ule mkanda kama mtu anayefunga mzigo juu ya basi. Ganzi ikahama kutoka dakika ya 22 ikaja dakika ya 17.

Mtu mwenye akili angesoma ujumbe hapo. Mimi nilisoma kinyume: nikaona raba zangu ndizo zinazoleta maumivu kwa kubanwa na mkanda, kwa hiyo dawa ni mto. Nikavaa soksi mbili. Siyo soksi nyembamba. Zile nene, za pamba, za kuvaa siku ya baridi. Niliingia darasani najisikia mjanja kuliko wote. Kwa dakika kumi za kwanza kweli ilikuwa raha, nakanyaga juu ya godoro. Kisha mguu ukapata joto, soksi zikalowa, zikavimba, na mguu wenyewe ukavimba, maana mguu wa mtu anayefanya mazoezi huvimba. Kitu kilichokuwa kinaingia kwenye raba kwa taabu sasa kimekuwa vitu vitatu: mguu mnene, soksi nene, na soksi nene ya pili. Dakika ya 12. Siku ile hata vidole vya mkono nilihisi vinataka kufuata mkumbo. Raba ilipogoma kutoka, dada wa baiskeli ya jirani alinishikia kisigino, akavuta, ikatoka na soksi zote mbili. Akaniangalia, akaangalia soksi, hakusema neno. Nilimshukuru zaidi kwa kule kunyamaza.

Ndipo nikaamua kununua viatu. Waliosema soli ngumu inasaidia hawakukosea, na hilo lazima niwape. Raba ya kukimbilia ina soli laini ya sponji. Ukiiweka juu ya pedali ndogo ya chuma inapinda, na uzito wako wote unaangukia sehemu moja nyembamba ya unyayo, mapigo 80 au 90 kila dakika. Kiatu cha baiskeli kina soli isiyopinda, kwa hiyo uzito unatawanyika. Hesabu hiyo ni sahihi. Kosa lilikuwa jinsi nilivyonunua. Nilikwenda asubuhi, mguu ukiwa umelala usiku kucha na umenywea. Na muuzaji akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasaga meno: "Kiatu cha baiskeli lazima kibane kama ngozi yako. Kikilegea unapoteza nguvu." Nguvu ipi, kaka? Mimi sishindani na mtu. Baiskeli yangu imefungwa sakafuni! Lakini wakati ule nilitikisa kichwa kama mtaalamu, nikachukua namba ndogo kuliko ninayovaa siku zote, nikalipa kiasi ambacho kingenitosha ada ya jimu ya miezi mitatu, au minne hivi.

Kliti zilikuja kwenye mfuko wake. Kwa asiyejua, kliti ni kile kipande cha chuma kinachofungwa chini ya soli ndicho kinachong'ata pedali. Kabla ya kununua angalia pedali za jimu yako, maana ziko za aina mbili kuu: ndogo za boliti mbili, ile SPD ambayo kampuni ya Shimano iliitoa mwaka 1990, na kubwa za pembetatu zenye boliti tatu. Haziingiliani hata ukizibembeleza. Zangu zilikuwa za boliti mbili. Nilizifunga mwenyewe usiku, kwa spana ya elenki, ile ya pembe sita, ya milimita 4, nikitazama runinga. Nikazisukuma mbele kabisa ya nafasi yake, karibu na vidole, kwa sababu nilidhani ndiko mtu anakokanyagia. Kuhusu kuzikaza, nilizungusha mpaka nikahisi zimeshika, nikaacha. Niliogopa kuharibu nyuzi za matundu ya boliti kwenye kiatu kipya.

Sasa nisikilize.

Darasa la kwanza, ganzi ilikuja dakika ya 14, miguu yote miwili kwa pamoja, bila hodi. Darasa la pili vilevile. Darasa la tatu nilikuwa nimekufa ganzi kiasi kwamba sikuhisi kliti ya kulia imeanza kucheza. Boliti moja ilikuwa imelegea na kudondoka. Niliikuta baadaye chini ya baiskeli. Ya pili ilikuwa imebaki peke yake kama mhimili. Wimbo wa mwisho ukaisha, watu wakashuka, nikazungusha kisigino nje kama inavyotakiwa ili kufuli lifunguke. Kisigino kikazunguka. Kufuli likabaki palepale. Nikazungusha tena. Kiatu kinazunguka juu ya kliti, kliti imetulia kwenye pedali, hawa wawili hawajuani tena. Nikavuta juu. Nikasukuma mbele. Nikajaribu ndani, nikajaribu kwa hasira.

Hizi pedali za kufuli zina historia ninayoipenda: LOOK walikuwa watengenezaji wa vifungo vya skii, vile vinavyomwachia mtu mguu anapoanguka ili asivunjike, na mwaka 1984 wakaleta wazo hilo kwenye baiskeli. Mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za baiskeli za Tour de France akiwa nazo. Yaani kitu kizima kilibuniwa ili kikuachie. Na mimi hapa nimenaswa kama panya, kocha amekuja, dada wa jirani amekuja, na mlangoni watu wa darasa linalofuata wameanza kuchungulia na mataulo mabegani.

"Vua kiatu, mzee," kocha akasema kwa upole.

Nikavua kiatu. Nikatoka na mguu mmoja wa soksi na mmoja wa kiatu, huyu analia tak, huyu kimya, tak, kimya. Kiatu kikabaki kimening'inia kwenye pedali. Mama mmoja wa darasa lililofuata, baada ya kuona baiskeli zote zimejaa, aliipanda ileile na kukanyaga upande wa kikapu wa pedali, na kiatu changu kikazunguka naye dakika 45 chini ya mguu wake. Nilikaa nje namtazama kupitia kioo. Hakuna aliyepanda milima mingi siku ile kuliko kile kiatu.

Aliyekitoa ni fundi viatu. Hapana, aliyekitoa ni kijana wa jimu kwa bisibisi na koleo. Fundi viatu ndiye aliyenitoa mimi. Nilimpelekea soli iliyokwanguka atazame kama matundu ya boliti yamekufa. Akaniuliza kwa nini sikukaza. Nikamwambia niliogopa. Akaniambia, "Mkubwa, chuma kwa chuma kazia mpaka mkono ukatae. Weka grisi kidogo kwenye nyuzi, kisha kaza. Ngozi kwa nyama ndiyo ya kuhurumia." Akanitazama mguu uliokuwa wazi kwenye ndala, akatazama kiatu, akacheka. Akang'oa soli ya ndani, ile ya kitambaa inayotoka, akaiweka chini. "Simama juu yake."

Nikasimama. Mguu wangu ulimwagika pande zote mbili kama unga uliochachuka na kuzidi sufuria. Kidole kidogo chote kilikuwa nje ya soli. Chote! Na dole gumba nusu.

"Huyu," akaonyesha kidole kidogo, "anaishi wapi ukivaa?"

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Ule ndio mtihani wa kwanza ninaoupendekeza kwa yeyote, wala hauhitaji fundi: ng'oa soli ya ndani, simama juu yake kwa uzito wako wote, jioni au baada ya mazoezi, uone nini kinabaki nje. Kinachobaki nje ndicho kinachokandamizwa.

Usiku ule nilisoma, na mambo yakaanza kukaa sawa. Mifupa mirefu ya mbele ya mguu iko mitano, na vichwa vyake vinajipanga kwa mstari nyuma tu ya vidole, pale kwenye sehemu nene ya unyayo. Mishipa ya fahamu inayokwenda vidoleni inapita katikati ya vichwa hivyo. Ukiubana mguu kutoka pembeni, mifupa inasogeleana na kuubana mshipa. Ukiuchapa kutoka chini kwa pedali, mshipa unabanwa tena. Vidole vya tatu na vya nne ndivyo mara nyingi vinavyotangulia kulalamika, na kweli vyangu ndivyo vilivyotangulia. Kwa nini ndani na si barabarani? Kwa sababu barabarani unateremka bila kukanyaga, unasimama njia panda, unaweka mguu chini, upepo unakupoza. Baiskeli ya spini ina gurudumu zito lililofungwa moja kwa moja na pedali; mradi linazunguka, miguu inazunguka. Hakuna mteremko wa kupumzikia. Chumba ni cha moto, mguu unavimba, kiatu hakivimbi.

Kwa hiyo kila mtu aliyeniambia nikaze alikuwa ananisukuma shimoni kwa mkono wa upendo. Na mimi, kwa akili zangu zote, nilikaza ngozi na kulegeza chuma.

Pesa ya viatu vingine haikuwepo. Ikabidi nivitumie hivyohivyo kwanza, na hapa ndipo ninapojisifu kidogo, nivumilieni. Nilijijua: nikibadilisha mambo matano kwa mara moja, ganzi ikipona sitajua kilichoiponya, na isipopona sitajua kisichosaidia. Nikaamua mguu wa kulia uwe mgonjwa wa kutibiwa na wa kushoto uwe shahidi. Kila badiliko linakwenda kulia tu. Wa kushoto unabaki ulivyo, unateseka kwa ajili ya elimu. Kila darasa naandika dakika ambayo kila mguu umeanza kulala. Dada wa jirani aliniona naandika kwenye simu katikati ya mlima, akadhani ninamwandikia mtu.

Badiliko la kwanza halikuwa na gharama: mkanda wa mbele kabisa, ule wa karibu na vidole, niliuacha wazi. Siyo kuulegeza, kuuacha ukining'inia. Viatu vyangu vina mikanda mitatu ya velkro. Niligundua kinachoshika mguu usitoke ni ule wa juu, wa karibu na kifundo, pamoja na kisigino kukaa vizuri kwenye kikombe chake. Mkanda wa mbele kazi yake ni ndogo mno, lakini ndio unaopita juu ya ile mifupa. Matokeo: kushoto dakika 14, kulia 21. Dakika saba kwa kutofanya kitu! Nilitaka kumkumbatia mtu.

Badiliko la pili lilikuwa kliti. Nilikuwa nimeiweka mbele kabisa, maana yake pedali ilikuwa inachapa karibu na chini ya vidole vyenyewe, na shavu la mguu linafanya kazi ya ziada kushikilia kisigino kisianguke. Inatakiwa irudi nyuma. Lakini nyuma kiasi gani, na utajuaje mifupa yako iko wapi ndani ya kiatu usichokiona ndani?

Ujanja wangu huu hapa. Nilivaa soksi ileile ninayoendea darasani. Kwa kidole cha mkono nilipapasa upande wa ndani wa mguu mpaka nikapata uvimbe wa mfupa nyuma ya dole gumba, nikapaka juu yake rangi ya mdomo, ile ya mke wangu, ambayo sikuiomba. Upande wa nje, nyuma ya kidole kidogo, vivyo hivyo. Nikaingiza mguu kwenye kiatu kikiwa wazi kabisa, nikafunga, nikakanyaga, nikatoa taratibu. Ndani ya kiatu kukawa na alama mbili nyekundu. Nikazihamishia nje kwa vipande vya karatasi ya gundi, nikapindua kiatu, na kwa rula nikachora mstari kutoka alama hadi alama. Mstari umekwenda mshazari, kama inavyostahili, kwa sababu mfupa wa kidole kidogo uko nyuma kuliko wa dole gumba. Kliti yangu ilikuwa mbele ya mstari wote! Kitovu cha pedali kilikuwa hakigusi mfupa wowote wenye haki ya kukanyaga.

Niliirudisha nyuma mpaka kitovu chake kikakaa katikati ya alama zile mbili, kisha, kwa sababu nimezidi ukaidi, nikaongeza milimita tano hivi nyuma. Nikapaka grisi, nikakaza mpaka mkono ukakataa. (Rangi ya mdomo haitoki kwenye kiatu. Wala haikusamehewa upesi. Tumia kalamu ya wino.)

Kulia: dakika 38. Kushoto, shahidi wangu mwaminifu: 14.

Mguu wa kushoto ulikaa shahidi kwa darasa mbili zaidi, kisha nikauonea huruma nikautibu nao.

Kuna jambo la pembeni lililotokea hapo. Baada ya kurudisha kliti nyuma, nilijikuta naifikia pedali kwa mbali kidogo nikiwa kwenye siti, nyonga zinacheza kulia kushoto. Mguu ulikuwa umefupika, kwa namna fulani. Ikabidi nishushe siti kidogo, na kumbe siti yangu siku zote ilikuwa juu mno. Mtu mwenye siti ya juu huelekeza vidole chini akitafuta pedali, kama mcheza ngoma anayesimama kwa ncha, na uzito wote unaishia vidoleni. Namna ninayopima siku hizi: nakaa, naweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuinama. Nikihamisha mguu mahali pake, goti linabaki na mkunjo mdogo. Basi. Wenye vipimo vya digrii na waendelee navyo.

Nilifanya pia jambo la kijinga katikati, na nitalieleza kwa sababu najua utalifanya. Nilisoma kwamba kuna vimto vidogo vinavyowekwa ndani ya kiatu kuitenganisha ile mifupa. Nikakata kipande cha mkeka wa yoga uliochakaa, umbo la tone la maji, nikakibandika chini ya soli ya ndani, palepale panapouma. Kwa akili ya kawaida, panapouma ndipo pa kuweka mto, sivyo? Dakika ya 9. Rekodi ambayo haijavunjwa. Kile kimto kinakaa nyuma ya vichwa vya mifupa, kuelekea upinde wa unyayo, ili kiiinue mifupa na kuitanua. Ukikiweka chini ya vichwa vyenyewe umeweka kokoto kwenye kiatu kwa hiari yako. Nilipokisogeza nyuma kikawa kizuri. Sijui kama nakihitaji. Nimekiacha kwa sababu kutoa gundi ni kazi.

Viatu vipya vilikuja mwezi wa nne, kwa bei iliyozidi ya vile vya kwanza kidogo, na safari hii nilikwenda jioni, na soksi yangu nyembamba mfukoni, na karatasi niliyochorea mguu wangu nikiwa nimesimama. Niliikata ile karatasi na kuiingiza ndani ya kila kiatu. Ikikunjwa pembeni, nakirudisha. Muuzaji mwingine, maneno yaleyale: kibane kama ngozi. Nikamwambia ngozi yangu inavimba. Nilichukua viatu vilivyotengenezwa kwa miguu mipana, namba yangu halisi. Kuongeza namba ili kupata upana nilikujaribu dukani: kisigino kinaelea, halafu unarudi kukaza. Kuna wanaofanikiwa hivyo, labda wana kisigino kinene.

Mengine ni madogo ila yamenisaidia. Nilikuwa nakunja vidole vya miguu kila uzito unapopanda, kama ndege aliyeshika tawi. Sasa kila wimbo ukibadilika navichezesha, mara tano, ndani ya kiatu, hakuna anayeona. Kocha akisema ongeza uzito mpaka mtu hawezi kuzungusha, mimi naongeza nusu yake na kuzungusha upesi zaidi. Kukanyaga gurudumu zito polepole ndiko kunakosaga unyayo. Na tukisimama kwenye pedali, ninahesabu kichwani nisimame kwa zamu, siyo wimbo mzima, wakisema nimezeeka waseme.

Anayebaki na raba na kikapu asijione maskini. Chagua raba yenye soli ngumu na tambarare, achana na ya kukimbilia. Ruka tundu moja la kamba pale mguu wako ulipo mpana zaidi, kamba ipande juu bila kukatiza hapo. Na ule mkanda wa kikapu uache ushike kiasi cha mguu kutochomoka, usizidishe.

Nilikwenda kwa daktari pia, nisifiche, kabla ya haya yote kuisha, kwa sababu shangazi yangu ana sukari na nilianza kuogopa. Alinibana mguu kutoka pande mbili kwa mkono mmoja, akabonyeza katikati ya vidole, akaniuliza kama nahisi nimekanyaga kokoto hata nikiwa peku. Alikuwa anatafuta uvimbe wa mshipa, ule unaoitwa wa Morton, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1876. Sikuwa nao. Lakini akaniambia kitu ambacho hakuna mshauri wangu wa jimu aliyenitajia: ganzi inayoondoka dakika chache baada ya kuvua kiatu ni ya kiatu, ganzi inayobaki usiku, au inayokuja ukiwa umekaa tu, au inayopanda mguuni pamoja na maumivu ya mgongo, hiyo si ya kliti, na mwenye sukari asisubiri hata siku moja. Ningepaswa kwenda kwake mwezi wa kwanza.

Leo darasa la dakika 45 namaliza vidole vyote kumi viko kazini. Kwenye lile la dakika 60, kidole kidogo cha kushoto huanza kuwashawasha kuelekea mwisho. Huenda bado ana kinyongo cha ushahidi. Wiki iliyopita kocha alipita nyuma yangu katikati ya mlima, akaona mkanda wa mbele unaning'inia, akapiga kelele juu ya muziki, "Mzee, kaza!" Nikainama, nikafungua na wa katikati.

Vile viatu vya kwanza, vyenye rangi ya mdomo ndani, nimempa mpwa wangu mwenye miguu myembamba kama mikate ya kifimbo. Anasema havimbani hata kidogo, na ananiuliza nilikuwa nalalamikia nini.